Mstari wangu wa ukuhani umepita kwa Brigham Young. Niutundike ukutani?

fundi_walukuba (Jinja)

Habari zenu ndugu na dada. Swali langu liko mwishoni. Naomba mnivumilie, maana bila kueleza lilikotoka halitaeleweka.

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Jinja. Mageti, madirisha, vitanda vya shule za bweni. Mama yangu ni Msoga, baba alikuwa askari kutoka West Nile. Nilizaliwa kambini mwaka 1975, na ndiyo sababu Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwetu. Mwaka 1979 Amin alipopinduliwa, baba aliondoka na wenzake. Wapo waliovukia Sudan, wapo walioingia Zaire. Yeye hatukujua alishika njia ipi, na hakurudi. Nikabaki na majina mawili: lake na la baba yake.

Majina hayo mawili yalinitosha mpaka nilipotaka kuoa. Mke wangu ni Muganda. Wiki moja kabla ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa bibi harusi, shemeji yangu alikuja karakana na daftari ili msemaji wetu apate la kusema mbele ya wazee. Kwao mtu akijitambulisha anapanda: baba, babu, kisha ngazi za ukoo, lunyiriri, mutuba, ssiga, hadi mkuu wa ukoo mwenyewe. Nikataja jina la kwanza. Nikataja la pili. Shemeji akabaki ameinua kalamu, anasubiri. Nilipomwambia yameishia hapo, aliandika "West Nile" ili nafasi isibaki wazi, akaniuliza bei ya geti.

Nilibatizwa mwaka 2003 katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lile ambalo watu mtaani wanaliita la Wamormoni. Miaka miwili baadaye nikatawazwa kuwa mzee (ni cheo, si umri) katika Ukuhani wa Melkizedeki. Kwa wasiotujua: kwetu ukuhani hausomewi miaka saba wala haulipwi mshahara. Mwanamume yeyote anayestahili anaweza kuupokea, awe mwalimu, dereva au fundi kama mimi. Ila hakuna anayejitwalia. Lazima awekewe mikono na mtu ambaye naye aliwekewa mikono. Kwa hiyo kila mmoja wetu anaweza kurudi nyuma, mkono kwa mkono, na kuandika majina. Tunauita mstari wa mamlaka.

Aliyeniwekea mikono mimi ni muuza samaki wa Masese. Jumapili ile alikuwa amenawa kwa sabuni na ndimu, lakini mikono yake ilipokaa kichwani pangu nilisikia harufu ya mputa, yaani sangara, chini ya ile ndimu. Ilikuwa mikono mizito, na kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu la ndoana. Maneno ya baraka ile nimeyasahau karibu yote. Uzito wa ile mikono sijausahau.

Mwaka huu niliomba mstari wangu makao makuu ya Kanisa kupitia tovuti yao. Ulichelewa kwa sababu kwenye kumbukumbu za tawi letu la zamani jina la aliyemtawaza yule mzee wa samaki halikuandikwa. Ikabidi nishuke Masese. Mzee akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, ndani yake kitambaa, ndani ya kitambaa cheti chake cha kutawazwa, kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Alikihifadhi tangu miaka ya tisini.

Sasa karatasi ninayo. Nimeichapisha kwa shilingi 500 pale kwenye fotokopi. Mimi nilitawazwa na muuza samaki. Yeye alitawazwa na mmisionari mzee Mmarekani aliyekuja huku na mkewe. Mmisionari alitawazwa na baba yake mzazi. Baba huyo alitawazwa na Spencer W. Kimball. Kimball aliwekwa kuwa mtume na Heber J. Grant mwaka 1943. Grant aliwekwa na George Q. Cannon, 1882. Cannon aliwekwa na Brigham Young, rais wa pili wa Kanisa, 1860. Brigham Young aliwekwa na wale Mashahidi Watatu wa Kitabu cha Mormoni, Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris, tarehe 14 Februari 1835 huko Kirtland, Ohio. Mashahidi waliwekewa mikono na Urais wa Kwanza, uongozi wa juu wa Kanisa, chini ya Joseph Smith mwanzilishi. Joseph Smith na Oliver Cowdery waliupokea kwa mitume Petro, Yakobo na Yohana, waliowatokea mwaka 1829. Na hao watatu, kwa Bwana mwenyewe.

Mistari 12. Mimi niliyekwama kwenye la pili mbele ya shemeji yangu.

Ninajivunia, nasema wazi. Usiku ule niliisoma kwa sauti peke yangu karakana, mlango nimeufunga, na machozi yalinitoka. Kesho yake nikachukua vyuma vya inchi moja nikachomelea fremu ya kuitundika sebuleni.

Halafu kijana wangu akaisoma. Mwezi ujao anatimiza miaka 18, na mimi ndiye nitakayemtawaza. Alikuwa ameshika fremu bado ya moto kwenye pembe, anashuka na kidole jina kwa jina. Alipofika mstari wa nane alisimama. "Baba, huyu si ndiye aliyesema watu weusi wasipewe?"

Ndiye. Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza hadharani kwamba wanaume wenye asili ya Afrika hawatapewa ukuhani, na ikakaa hivyo mpaka Juni 1978. Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Yaani tarehe ile fremu ingeniambia "wewe hapana", na leo jina la aliyesema "wewe hapana" ni pingili kwenye mnyororo ulionifikia. Ukiitoa, mnyororo unakatika.

Nilimwambia kijana tutaongea, na tangu siku hiyo fremu imeegemea ukuta wa karakana, tupu. Wenzangu mlio na watoto wa umri huu, mmewaambia nini? Na je, karatasi kama hii ni ya kutundikwa?

---

kaka_wa_ntinda

Hongera kaka. Wangu ninao kwenye simu. Unapita kwa Joseph F. Smith, na yeye aliwekwa kuwa mtume na nani? Brigham Young, mwaka 1866. Wanaume wengi sana wa Kanisa hili, weupe kwa weusi, wakipanda watamkuta pale, kwa hiyo kijana wako hata akipewa mikono na mtu mwingine huenda atarudi hapohapo.

Kitu kimoja nataka ukisome naye. Mafundisho na Maagano, kitabu chetu cha maandiko, sehemu ya 84, mwanzoni. Pale Bwana anataja mstari wa Musa. Musa aliupokea kwa Yethro, Yethro kwa Kalebu, Kalebu kwa Elihu, na kuendelea nyuma mpaka kwa Adamu. Sasa Yethro ni nani wa Musa? Baba mkwe. Kuhani wa Midiani, mtu wa kabila jingine, aliyemkaribisha Musa akiwa mkimbizi. Musa hakuupata kwa baba aliyemzaa. Nilipokusoma habari za baba yako na West Nile nimefikiria hilo tu.

Tundika.

---

dada_mbale

Ndugu fundi, mimi nakwambia usiharakishe kutundika, na nitakueleza kwa nini, ingawa si jambo jepesi kwangu kuliandika.

Marehemu mume wangu alikuwa na mstari wake. Aliuweka kwenye fremu ya kioo, sebuleni, juu ya kabati la vyombo. Kila mgeni alionyeshwa. Naye alikuwa mtu wa hasira. Sahani zilivunjika chini ya karatasi ile. Watoto walijifunza kula wakiangalia chini. Siku moja binti yangu, akiwa na miaka tisa, aliniuliza kama Yesu aliye juu kabisa ya karatasi anamjua baba aliye chini kabisa. Sikuwa na jibu. Nilimpa uji.

Kwa hiyo soma na kijana wako ile sehemu ya 84, sawa, lakini usimwachie hapo. Mpeleke sehemu ya 121, maneno aliyoyaandika Joseph Smith akiwa amefungwa jela ya Liberty, Missouri, mwaka 1839. Inasema ukuhani hauongozwi ila kwa kanuni za haki, kwa kushawishi, kwa uvumilivu, kwa upole, kwa upendo usio wa unafiki. Na mtu akiutumia kufunika dhambi zake au kutawala watu kwa mabavu, mbingu zinajiondoa, na ukuhani wa mtu huyo ndiyo umekwisha. Umekwisha! Karatasi itabaki inaning'inia, majina yote 12 yapo, na hakuna kitu. Nimeishi katika nyumba ya namna hiyo, najua inavyokuwa.

Lakini sikukatazi kujivunia. Unajua nilichokipenda katika barua yako? Kidole gumba chenye kovu la ndoana. Yule mzee ndiye mstari wako kwa kijana. Hawa wengine hamkuwaona. Huyu mnaweza kwenda kumkalisha kwenye benchi na kumuuliza: ulipotawazwa ulifanya nini nao? Nani ulimbariki akiwa mgonjwa? Ulimlipa nani deni? Petro naye alikuwa mtu wa samaki, na sina shaka mikono yake ilinuka pia.

Kuhusu Brigham Young, mwambie kijana ukweli wote, na ukweli wote unaanzia kabla ya 1852. Elijah Abel, seremala, mtu mweusi, alitawazwa kuwa mzee mwaka 1836 wakati wa Joseph Smith, akatumikia misheni, na hadi anakufa 1884 alikuwa mwaminifu. Kwa hiyo lile katazo halikutoka mwanzo. Na Kanisa lenyewe limeandika kwamba linakana zile nadharia za zamani za laana na ngozi. Mtoto wa miaka 18 anaweza kubeba hayo. Asichoweza kubeba ni kugundua baadaye kwamba baba yake alikuwa anajua akanyamaza.

Na mama yako je? Karatasi haina jina la mwanamke hata mmoja. Wewe umekuzwa na nani baada ya 1979?

---

mkatoliki_tororo

Samahani nimeingia mazungumzo yasiyo yangu. Mimi ni Mkatoliki, katekista, na kwa suala la mwaka 1829 tunaachana njia, kwa sababu sisi tunaamini mnyororo haukukatika hata kuhitaji mitume warudi. Sitabishana hapa, kila mtu na imani yake. Ila habari ya mikono naifahamu sana.

Kwetu maaskofu ndio wanaohesabu hivyo. Maaskofu wengi mno wa Kikatoliki duniani leo wakipanda wanaishia kwa kardinali mmoja wa karne ya 16, Scipione Rebiba, kwa sababu kumbukumbu za kabla yake hazijapatikana. Wanahistoria wamefika pale wakasimama, kama wewe kwa jina la pili. Hakuna askofu aliyejiuzulu kwa ajili hiyo.

Na hapa Uganda tunalo letu la kujivunia. Oktoba 1939 Papa Pius XII mwenyewe alimwekea mikono Joseph Kiwanuka kule Roma, akawa askofu wa kwanza Mwafrika mweusi katika nyakati hizi, akaja kuongoza Masaka. Babu yangu aliikumbuka habari ilivyofika kijijini. Alisema wazee walikaa kimya kwanza, kisha mmoja akauliza: "Mikono ya Papa, juu ya kichwa cha Muganda?" Akataka arudiwe. Alirudiwa mara tatu.

Kwa hiyo mimi sioni ajabu wewe kulia karakana.

Swali langu kwako, na ni swali la kweli: waraka kwa Waebrania sura ya 7 unasema Melkizedeki hana baba, hana mama, hana nasaba. Ukuhani unaobeba jina lake mnauhesabia nasaba. Mnalisomaje hilo?

---

mwana_bombo

Assalam aleikum wote. Sisi Wanubi wa Bombo ni Waislamu, lakini hili la mnyororo ni la nyumbani. Mwalimu wangu wa Qur'ani alikuwa na sanadi: alisoma kwa fulani, aliyesoma kwa fulani, hadi kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Wanazuoni wa hadithi wana elimu nzima ya wapokezi. Kila mtu katika mnyororo anachunguzwa: alikuwa mkweli? Kumbukumbu yake je? Alikutana kweli na aliyemtaja? Na yote yanaandikwa, mazuri na mabaya. Jina halifutwi kwa sababu lina doa. Linaandikwa, na doa linaandikwa pembeni yake, ili anayekuja ajue ameshika nini.

Fanya hivyo mzee wangu.

---

fundi_walukuba

Nimerudi. Poleni kwa kukawia, tulikuwa na kazi ya madirisha ya shule moja kule Kamuli.

Ndugu wa Tororo, asante kwa moyo wako. Kuhusu Waebrania 7, mimi nasoma hivi: ukuhani wa Haruni zamani ulikuwa wa kuzaliwa. Katika kitabu cha Ezra wapo makuhani walioondolewa kwa sababu majina yao hayakuonekana kwenye orodha ya nasaba. Ningekuwa wakati ule, ningeondolewa mimi wa kwanza. Ule wa Melkizedeki hauulizi baba yako ni nani. Mstari wetu ni wa mikono, damu haimo. Ndiyo maana mtu aliyeachwa na majina mawili anaweza kusimama ndani yake. Sikuwa nimeliona hivyo mpaka uliponiuliza, na nimelala na jambo hilo siku tatu.

Dada wa Mbale, nilisoma ujumbe wako mara nyingi. Nilimsomea mke wangu pia, naye hakusema kitu, aliinuka akaenda kuangalia watoto waliolala. Pole dada. Sitaweka sebuleni. Itakaa chumbani kwetu, upande tunapopiga magoti, ili anayeiona kila siku awe mimi.

Kisha nikafanya ulivyosema. Jumamosi nilimchukua kijana tukashuka Masese. Mzee alikuwa anaanika mukene, yaani dagaa, kwenye nyavu, amechoka, lakini alitupa viti viwili akaketi juu ya ndoo. Kijana alimuuliza swali lako kama lilivyo: ulipotawazwa ulifanya nini nao? Mzee alifikiri muda mrefu. Akasema mtu wa kwanza kumwekea mikono alikuwa mke wa mvuvi mwenzake, mwenye homa, usiku, kwenye mwanga wa koroboi, na aliogopa sana kwamba atakosea maneno. Mama yule aliishi miaka mingine 11. Wa pili alikuwa mtoto, na mtoto alikufa asubuhi yake. Akasema alikaa mwezi mzima bila kumbariki mtu, mpaka baba wa yule mtoto mwenyewe alipokuja kumwomba ambariki yeye. Mimi nimemjua mzee huyu zaidi ya miaka 20 na hili sikuwahi kulisikia.

Kijana aliandika yote kwenye daftari.

Usiku tulikaa naye mezani tukafuata ushauri wa Bombo. Tumechukua karatasi kubwa ya manila, kila jina na mstari wake, na pembeni tunachojua kwa hakika. Kwa Brigham Young kijana ameandika kwamba aliwavusha watu wake hadi bonde la Salt Lake mwaka 1847, na chini yake, kwa wino uleule na ukubwa uleule, 1852 na alichotangaza. Kwa Kimball, aliyekuwa rais wa Kanisa katazo lilipoondolewa, ameandika 1978. Nilimwonyesha kwamba majina hayo mawili yametenganishwa na mawili tu, Cannon na Grant. Aliyefunga na aliyeuliza mbinguni mpaka pakafunguliwa wako kwenye karatasi moja, na sisi tumesimama chini ya wote wawili. Kijana aliitazama muda, akasema, "Basi Baba, hata mimi sitaki mtu amfute."

Nafasi ya muuza samaki ndiyo imejaa kuliko zote. Imebidi tugeuze karatasi.

Na swali la mama. Dada, ulinichoma, kwa wema. Mama yuko Bugembe, ana miaka 78. Jumapili baada ya mkutano wa sakramenti nilimwomba anitajie mama zake: mama yake, mama wa mama yake. Nilidhani atafika la pili kama mimi. Alitaja sita bila kupumzika, na kwa kila mmoja alisema alilima nini na alizikwa wapi. Miaka 49 nimekuwa nikijiita mtu asiye na majina, na alikuwa nayo mama, ila hakuna aliyewahi kumuuliza, hata mimi. Hayo sita yako upande wa kushoto wa karatasi, ni mwandiko wa kijana, mama akimsahihisha tahajia za Kisoga.

Kutawazwa ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mimi ndiye nitakayesema maneno, na kijana ameomba mzee wa Masese awe kwenye duara la wanaomwekea mikono. Mzee alikataa kwanza, akasema mikono yake inanuka siku hizi hata ndimu haisaidii. Kijana akamwambia aje hivyohivyo.

Fremu ya kwanza imekuwa ndogo. Kesho nakata vyuma upya.